Jasho la Bomba

Ilikuwa mwaka ule chuo kilipopakwa rangi mpya. La, nakosea. Rangi ilipakwa mwaka uliofuata. Basi tuseme ni mwaka mmoja kabla, kuta zikiwa bado zinabambuka.

Dobi wa chuo, waliyemwita Mzee Povu, alikuwa mtu wa kinyaa. Dobi mwenye kinyaa! Ni kama kinyozi anayeogopa nywele. Mkewe alikuwa akimcheka: "Mume wangu, Mungu amekuwekea riziki kwenye soksi za watu, nawe unazishika kama nyoka." Na kweli, alizishika kwa kijiti.

Mwaka huo wanafunzi kadhaa walipatwa na ile huzuni isiyo na msiba, ambayo wasomi huiita sonona. Mtu analala mchana kutwa uso ukutani, chakula hakipiti, kitabu hakifunguki. Chuo kikaamua wakimbie kila asubuhi, kila mmoja na jezi yenye namba yake. Lakini mlezi wa wanafunzi hakuwa mtu wa kuamka alfajiri akahesabu vichwa. Akatoa amri: jezi ikifika kwa dobi imelowa, mwenyewe amekimbia. Dobi atie tiki daftarini; asiye na tiki afukuzwe.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Mwalimu wa mazoezi, dada mmoja mwembamba mwenye sauti ya tarumbeta, alipita akigonga mlango mmoja mmoja: "Amkeni! Godoro halitoi digrii!" Kisha alikimbia nao. Jezi zikaja zikinuka, Mzee Povu akajifunga kitambaa puani. Iliyozizidi zote ilikuwa ya binti wa namba thelathini na moja. Ikikauka, inabaki na michirizi myeupe ya chumvi. Akampa jina hilohilo, Chumvi.

Binti alikuwa akiitupa jezi dirishani pa chumba cha kufulia bila salamu, macho chini. Wiki ya tatu akasimama.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hivi wewe unakimbia au unachemshwa?"

Akacheka, cheko kavu la mtu aliyesahau kucheka.

"Nikikimbia, babu, kichwa kinanyamaza kidogo. Kuamka ndiko kunakonishinda. Mwalimu asipogonga, siamki."

Mwezi wa pili jezi zikaanza kunukia sabuni na manukato. Mzee Povu akaikamua moja, yakatoka maji safi ya kunywa. Nyingine ilikuwa na povu la dawa ya meno. Ya thelathini na moja nayo imo, imelowa, haina chumvi hata chembe. Kinyaa kilichomshika siku hiyo, uvundo wote wa miaka yake haujawahi kumpa. Alitema mate, akaibeba ikidondosha maji mpaka ofisini.

Mlezi alikuwa anakula yai la kuchemsha, kiini kimemganda pembeni mwa mdomo.

"Bwana mkubwa, hili si jasho. Ni bomba."

"Imelowa, haijalowa?"

"Imelowa, lakini..."

"Basi tia tiki. Mbona unajipa kazi ya daktari?"

"Na mwalimu wa mazoezi yuko wapi?"

"Nimempeleka akafundishe gwaride la kupokea wageni. Jezi zinalowa bila yeye, anakaa huku afanye nini?"

Akaendelea kutafuna. Mzee Povu akatoka na jezi yake mkononi.

Mlangoni mwa bweni la wasichana mlinzi alimzuia, kama ilivyo sheria. Akaomba aitiwe yeyote wa chumba cha Chumvi. Akashuka binti mmoja, kanga begani, macho yanakwepa.

"Tunamloweshea sisi, babu. Asije akafukuzwa. Leo siku ya tisa hajatoka kitandani."

"Nyie mbona hamumwamshi?"

"Tumemvuta mpaka tumechoka. Anageukia ukuta."

"Na nyie wenyewe mnakimbia?"

"Nani akimbie, babu, na bomba liko hapo?"

Alisema bila ubaya, na hapo ndipo palipomchefua zaidi. Wema wao ulikuwa umemfukia mwenzao. Daftari linasema mzima, anakimbia.

Kesho yake Mzee Povu hakutia tiki hata moja. Mlezi akaja mwenyewe kwenye chumba cha kufulia, akiruka madimbwi kulinda viatu. Akaegemeza daftari kwenye beseni na kuanza kuzitia zote, kutoka ya kwanza kwenda ya mwisho. Ripoti, alisema, inatakiwa kabla ya saa sita. Na dobi mwenye maneno mengi, madobi wenzake wako tele.

Mzee Povu alisubiri kalamu ivuke thelathini na moja. Kisha akafungua kitambaa puani, akauliza polepole, kama mtu anayeuliza njia:

"Bwana mkubwa, na kesho alfajiri, nani atagonga mlango wa yule binti?"