Mboga Nje ya Michongoma

Mke wangu alikuwa na jibu moja kwa kila mwanamke aliyesimama getini kwetu kuomba mboga. "Chuma, mama, lakini uache za kesho." Hakuinua hata kichwa. Atakuwa anasugua sufuria, au anabishana nami kuhusu sauti ya redio, mara unasikia kutoka nje, "Mama, naomba mboga!" Naye anajibu hivyo hivyo, kisha anarudi kwenye ubishi wetu pale pale alipouacha. Mgeni anapita ubavuni mwa nyumba, anazunguka jiko, anainama kwenye matuta. Haupiti muda utawasikia wawili wanacheka huko nyuma. Mimi nilikaa upande wa mbele na gazeti langu la juzi, nikinung'unika kwamba nyumba yangu imegeuzwa soko.

Sisi si wenyeji wa huku. Tulitoka upande wa ziwa tungali vijana, tukaja Kericho kutafuta riziki kwenye chai. Mimi nikawa fundi wa mashine kiwandani, yeye akachuma majani mpaka magoti yakakataa. Baridi ya kule juu haikumpenda hata siku moja. Asubuhi ukungu, alasiri mvua ya mawe, na mboga za kwetu alizojaribu kupanda nyuma ya nyumba za wafanyakazi zilikaa zimejikunja kama watoto waliokatazwa kucheza. Nilipostaafu nikamuuliza anataka twende wapi. Akasema, "Penye joto." Tukateremka hadi Fort Ternan, pale chai inapokwisha na miwa inapoanza, tukanunua kipande kidogo juu ya reli. Siku tuliyohamia alivua sweta, akaikunja vizuri na kuitia ndani ya sanduku, na sikumbuki kumwona ameivaa tena.

Jua la hapa halina mzaha. Mwaka unapoanza, ardhi inapasuka mpaka kifaranga anaweza kuzama mguu. Majirani zetu ni Wakipsigis, watu wa ng'ombe na mahindi, na kila mama ana mboga zake nyuma ya nyumba, lakini kiangazi kilikuwa kikizikausha zote. Za mke wangu zilibaki mbichi. Alifunika matuta kwa majani makavu ya miwa ili maji yasikauke upesi. Miche alijengea kibanda cha majani ya ndizi, na kila tone la maji ya kuoshea lilikwenda nje kabla jua halijachwa. Alikuwa na mboga za kienyeji, saga, managu, mrenda na kunde, pamoja na mipapai mitatu ambayo aliipenda kuliko mimi. Wanawake walipokuja, aliwafundisha kuchuma kama alivyokuwa akichuma chai: unabana ncha kwa kidole gumba, unaacha jicho la chini lichipue. Jirani wa karibu kabisa, ambaye boma lake linapakana na letu, alikuja kuliko wote, na hakukosa kuleta maziwa.

Mwaka juzi mke wangu alifariki. Tulimzika kwetu, karibu na ziwa. Majirani walikodi gari wakaja hadi kaburini, wakaimba nyimbo za kanisa kwa lugha yao, na yule wa boma la jirani alilia mpaka akashikwa mikono. Baadaye binti yetu akataka nimfuate Nakuru. Nikamwambia siwezi, mboga zitakauka. Akaniangalia kama mtu anayeangalia nguo iliyotoka rangi, maana alijua sijawahi kupanda hata kitunguu.

Nikarudi peke yangu. Nikajifunza. Fundi ni fundi. Mashine ikikushinda unaikalia mpaka ikubali. Nilifunika matuta, nikajenga kibanda cha ndizi, kikaanguka, nikajenga kingine. Nilibeba maji mpaka mgongo ukaniuliza kama nina akili timamu. Kiangazi kilipofika, kila shamba la mboga kando ya barabara yetu lilikuwa kahawia isipokuwa langu. Nikalitazama na kufurahi kama mtoto. Nikajiambia, sasa watakuja.

Hakuja mtu.

Niliacha geti wazi. Nikahamisha kiti changu kutoka upande wa mbele nikakiweka ubavuni mwa nyumba, mahali ambapo ningemwona mtu akipita kuelekea jikoni. Wanawake walipita barabarani na makarai yao, wakanisalimu kwa adabu, "Chamgei, Baba," nami nikajibu, na wakaenda zao. Sikuwa na haja na kingine chochote. Nilitaka mwanamke mmoja asimame pale getini aombe mboga, ili nyumba ijue kwamba bado ina watu.

Mboga isiyochumwa haisubiri. Saga zilitoa maua meupe, managu yakazaa vitunda vyeusi, majani yakawa magumu na machungu. Nilichuma za kwangu, lakini mtu mmoja atakula mboga kiasi gani? Nilipika sufuria moja nikaila mpaka nikaichukia. Mapapai yaliiva yakaanguka, ndege wakayamaliza. Binti yangu alipiga simu kila Jumapili. "Baba, umekula?" Namjibu nimekula. Hakuwahi kuuliza na nani, na mimi sikumwambia.

Kisha hasira ikanipanda. Nilisema peke yangu, kwa sauti, nikiwa na jembe mkononi, kwamba watu hawa walikula jasho la mke wangu miaka yote, na sasa hata kunichungulia hawawezi. Nilijiambia ni kwa sababu sisi ni watu wa kuja. Nilijiambia mengi. Mtu anayekaa peke yake hupata wakili wa bure kichwani, na wakili huyo hashindwi kesi.

Mwishowe nikaona nimalize ubishi. Nilichukua kiondo cha mke wangu, nikakijaza saga na managu laini, nikaenda nacho boma la jirani. Yule mama alitoka mlangoni akijifuta mikono kwa leso. Alipokiona kile kiondo akasimama. Watoto wakanikodolea macho. Alikipokea kwa mikono miwili, akasema asante Baba, akainamisha uso, na hakuniambia karibu chai. Nilirudi nyumbani nikihisi nimevua suruali mbele ya kanisa.

Jioni mumewe alikuja kukirudisha kiondo. Ndani alikuwa ameweka chupa ya maziwa. Ni mtu mpole, mfugaji, asiyependa maneno mengi, na nilimwona anayatafuta.

"Fundi, hiyo mboga ilikuwa tamu sana. Tumekula yote. Lakini hiyo mambo, wachana nayo."

"Mambo gani?"

"Ya kuletea bibi ya mtu mboga." Akacheka kidogo ili neno hilo lisinichome.

"Basi kwa nini hawaji kuchuma wenyewe? Nimewakosea nini?"

"Hujakosea. Si unajua kwa hii boma sasa hakuna mama? Mwanamke atapita aje nyuma ya nyumba yako, ainame huko kwa mboga, na wewe uko hapa peke yako? Watu wataongea. Wataongea yeye, waongee wewe pia. Bibi yangu huwa anaona hizo mboga zikizeeka, anasikia vibaya. Lakini atafanya nini? Ni heshima tu, Fundi."

Kumbe walikuwa wananiheshimu. Na heshima hiyo ndiyo iliyokuwa ikiniketisha mezani peke yangu kila usiku, nikitazama kiti cha pili.

Nikamwambia, "Basi chuma wewe, umpelekee." Tukaenda nyuma ya jikoni, wanaume wawili wazima, tukasimama mbele ya matuta kama watu waliopotea mjini. Akatafuta pa kuanzia. Akashika shina la saga karibu na ardhi, akavuta, likatoka zima na mizizi yake na udongo. Akavuta la pili. Nilitaka kumwambia yale maneno ya mke wangu, yalikuwa mdomoni kabisa, lakini nikageuka nikatazama mipapai. Aling'oa robo ya tuta, akashukuru, akaenda.

Nililala vibaya, nikaamka na fikira ambayo hata sasa sijui kama ilikuwa ya busara au ya ukaidi. Ikiwa hawawezi kuingia, basi mboga zitoke.

Kati ya ua wangu wa michongoma na barabara kuna ukanda wa nyasi, mwembamba, ambao mbuzi wa kila mtu waliufanya wao. Mbegu sikuzikosa, zile saga na managu zilizozeeka bila kuchumwa zilikuwa zimenipa mbegu za kutosha kata nzima. Mvua zilipofika nikalima ukanda huo, nikasia, nikauzungushia matawi ya miiba kuzuia mbuzi, nikaacha mwanya mpana upande wa barabara. Sikuweka geti. Vijana wa bodaboda wakipita walipunguza mwendo.

"Fundi, unapandia nani huko nje?"

"Napandia barabara."

"Barabara inakula managu?"

"Wewe pita, utapata imeshiba."

Walicheka mpaka kwenye kona. Mimi pia nilicheka, na nikashtuka kusikia sauti yangu, maana nilikuwa sijaisikia ikicheka kwa muda mrefu.

Mboga zilishika. Niliondoa magugu, nikasubiri, na kwa muda mrefu hakuna aliyegusa hata jani. Mvua ziliisha, jua likarudi na ukali wake, nikawa nabeba maji kuyatoa nje ya ua wangu mwenyewe kila jioni. Halafu asubuhi moja nikatoka nikakuta ncha za managu hazipo. Nilichuchumaa nikakagua shina moja moja, kama nilivyokagua mikanda ya mashine. Hakuna lililong'olewa. Kila ncha ilikuwa imebanwa kwa kidole gumba, juu kidogo ya jicho la chini. Mikono ile ilifundishwa nyuma ya jiko langu, na mwalimu wake nilimfahamu. Nilikaa pale kwenye vumbi la barabara mpaka mtu akapita na ng'ombe akaniuliza kama naumwa.

Tangu hapo walichuma. Lakini walikuja nikiwa ndani, au nikiwa nimekwenda kituoni kununua sukari. Nilisikia ndara zikikanyaga, nikasikia minong'ono na mashina yakikatika, na nikitoka nakuta barabara tupu. Nilikuwa nimepata walaji, sikuwa nimepata watu. Nisiseme uongo, iliniuma kuliko mwanzo, kwa sababu sasa walikuwa karibu kiasi cha kuwasikia wakipumua. Nikajizoeza kusimama kimya nyuma ya michongoma, mwizi katika boma langu mwenyewe, nikisikiliza.

Jioni moja wiki iliyopita nilikuwa huko huko, ndani ya ua, namwagilia mpapai. Nikasikia hatua zikisimama nje. Sauti ya kuchuma ikaanza, taratibu, ncha moja baada ya nyingine. Nikatulia na ndoo yangu mkononi. Nilikuwa na kikohozi kifuani nikakizuia, nikiogopa kwamba nikikohoa ataondoka.

Kisha kuchuma kukakoma, na sauti ya mama wa boma la jirani ikaja juu ya michongoma, kubwa, kama mtu aliyesimama getini.

"Baba, naomba mboga!"

Hakuwa na haja ya kuomba. Zilikuwa nje, hazina geti, na alikuwa amekwisha kuzichuma siku nyingi bila kuniuliza. Ndoo iliniponyoka, maji yakaingia viatuni.

"Chuma, mama," nikasema. Sauti ilitoka vibaya, nikakohoa kile kikohozi, nikaanza tena. "Chuma, mama. Lakini uache za kesho."

Upande wa pili nikamsikia akivuta kamasi, na akaendelea kuchuma. Sikusogea mpaka alipomaliza.