Vinundu vya Kunde Pori

Kila ninapong'oa shina la kunde, harufu ya udongo mbichi kwenye mizizi hunirudisha kijijini kwetu Kinole, na aibu hunishika upya. Nisikilize kwanza, ndipo unicheke.

Ulikuwa ule wakati mbolea ya ruzuku ilipokoma na maduka ya watu binafsi yakaanza kuiuza kwa bei ya kutisha. Mahindi ya mama yaligeuka manjano yakiwa bado kimo cha goti. Basi akaja kijana mmoja kutoka mjini, mtafiti wa malisho, akamwomba mama amkusanyie kunde pori, zile wanazozipenda mbuzi, kutoka bondeni hadi kileleni, pamoja na mizizi yake. Akasema huenda humo ikapatikana nafuu ya shamba letu. Angerudi kesho yake jioni.

Mimi na mama tulipanda na kushuka tangu alfajiri mpaka miguu yangu ikagoma. Kila mzizi ulikuwa na vinundu kama punje za mtama, na ukikiminya kimoja kilitoa maji mekundu. Mama alisikitika sana. Yeye hata machungwa ya gulioni aliyafuta moja moja kwa kanga, angempaje mgeni vitu vyenye vipele? Tukakaa mtoni, tukaosha na kukwangua kwa kucha hadi mizizi ikang'aa. Mama akanisifu kwa wepesi wangu, nami nikavimba kichwa.

Mtafiti alifungua fungu la kwanza, la pili, la tatu. Akaketi juu ya kinu.

"Mama, vile vinundu viko wapi?"

"Tumevitoa vyote, mwanangu. Hutakuta hata kimoja."

Taratibu akaeleza kwamba ndani ya vinundu hukaa vijidudu vinavyovuta mbolea kutoka hewani na kuulisha mmea. Vya bondeni si ukoo mmoja na vya kileleni, na hata kunde zenyewe hutofautiana. Yeye alitaka kujua zipi zingefaa udongo wetu.

"Yaani vina koo, kama sisi Waluguru?" mama akauliza. Kisha akasema polepole, "Vimekwenda na maji. Saa hizi viko njiani kwenda pwani."

Kijana alicheka, nami nikacheka. Mama hakucheka.

Kesho yake tulipanda mlima watatu, kijana ameshika viatu vyake mkononi. Mama aliibeba mizizi na tope lake lote ndani ya kanga yake mpya, akinifokea kila nilipoigusa.

Miaka mingi nilidhani alimwonea haya mgeni. Nilielewa nilipoanza kununua mbolea mwenyewe: mahindi yake yakifa njaa, mama alikuwa ameketi mtoni akiikwangua mbolea ya bure kwa kucha zake, na kunihimiza niongeze bidii.