Shakuru na Alama Mbili

Ukitokea upande wa soko la Jabe, utaona ngazi ya chuma kando ya duka la vipuri. Ni nyembamba, watu wawili hawapishani, na mgeni huipanda akishika ukuta kwa kuwa hajui inaishia wapi. Huguette ameizoea, huipanda na chai mkononi. Lakini Ijumaa moja alipanda polepole, kwa sababu mbele yake alikuwa Shakuru, mwalimu wake na mwenye karakana, na Shakuru alikuwa akipapasa ukuta kama mgeni.

Juu kuna chumba kimoja, meza mbili na kompyuta mbili. Hapo hutengenezwa kurasa za mtandao za maduka na kumbi za harusi. Shakuru ndiye fundi wa mapambo: rangi, ukubwa wa herufi, kona za vitufe. Lugha ya kazi hiyo ina njia mbili. Ukitaka kufunga mapambo pamoja ili uyatumie tena, unaweza kuandika neno zima la kulitengeneza fungu, na neno jingine la kuliita. Au ukatumia alama tu: sawa kwa kutengeneza, jumlisha kwa kuita.

Shakuru alijifunza kwenye kompyuta kuukuu ambayo herufi M na X zilikuwa zimekufa, na neno refu la kutengenezea fungu lilizihitaji zote mbili. Alama hazikuhitaji kitu. Alipopata kompyuta nzima hakurudi kwenye maneno. Alama zilikuwa zimekwisha kuwa dini. Huguette alipofika kujifunza akaandika neno kamili, Shakuru alimcheka mbele ya wateja.

“We unaandikia mashine ama unaandikia mukwe wako?”

Huguette akayaacha maneno, akazoea alama.

Kisha presha ya macho ikaanza. Ilimla Shakuru kutoka pembeni, na pembeni, mwanzo wa mstari, ndiko alama zinakokaa. Juma lililotangulia Ijumaa hiyo, Caritas, mwenye ukumbi kule Mutanga Nord, aliwaita jamaa zake waone ukurasa wake mpya. Ukafunguka uchi: maandishi meusi juu ya weupe. Shakuru alikuwa ameweka sawa mahali pa jumlisha. Mashine haikulalamika, iliona fundi ametengeneza fungu jipya lisilo na kitu, ikapita. Shakuru akamwambia Huguette kwamba kuna mtu amegusa kazi yake. Huguette alilijua kosa, akalirekebisha, akamwambia Caritas kuwa ni umeme.

Siku iliyofuata Shakuru mwenyewe ndiye aliyezikana alama. Zinajificha, alisema, ni za wavivu. Kazi yote igeuzwe iwe maneno, naye atafanya kazi mpaka uzeeni. Huguette akaomba Mungu iwe kweli. Mtu asiyesoma mapambo hana la kufanya juu ya ngazi ile.

Kwa hiyo Ijumaa hiyo, Shakuru alipokwenda msikitini, Huguette aligeuza kila kitu. Programu ya kugeuza alama kuwa maneno ilifanya upesi. Yeye akakaa kukagua, akakuza herufi mpaka mstari mmoja ukajaza kioo karibu wote. Shakuru akarudi, akavua kofia, akasogeza uso hadi pua ikakaribia kioo. Akaanza kusoma kwa sauti, bila kusita, ukurasa wa Caritas: rangi, nafasi, upana. Huguette akapumua.

Halafu Shakuru akatabasamu, akagonga kioo kwa kidole.

“Hapa umesahau, dada. Bado iko jumlisha.”

Hapakuwa na jumlisha. Hapo palisimama neno, kubwa kama kibao cha duka. Shakuru alikuwa akisoma kutoka kichwani.

Huguette angeweza kusema samahani, nitarekebisha. Alilifikiria jibu hilo, akaliacha.

“Shefu, apana,” alisema. “Yote ni maneno.”

Shakuru aliuacha mkono juu ya kioo. Chini, fundi alikuwa akipiga bati. Huguette akaongea haraka, kwamba kuna mashine zinazosoma kwa sauti, kwamba wengine huzitumia, wangejaribu.

“Na rangi? Utaisikia na masikio?”

Shakuru alitafuta kofia yake mezani, mkono ukapita kando yake mara mbili, na Huguette akaisukuma ikutane na vidole. Huguette alipoinuka kumshika mkono, Shakuru alimkataza.

“Kaa. Mwenye atakuja nyuma yangu atasoma vizuri.”

Akatoka. Huguette alibaki ameketi mbele ya maneno aliyoyatamani tangu siku ya kwanza, akisikiliza kiganja kikikwaruza ukuta, ngazi kwa ngazi, mpaka kelele za soko zikakimeza.