Tangawizi Niliyowagaia Wenzangu

Nijicheke mwenyewe kwanza, maana najua mtanicheka tu: mie ndiye niliyeyavunja maulidi ya watu Kiembe Samaki kwa mafua, na mafua yenyewe nilikuwa nshapona!

Wakati ule nlikuwa mwashi, tunajenga yale majumba marefu ya Michenzani, na jioni naimba maulidi ya homu, yale ya kupiga magoti safu moja, bega kwa bega, mnainama na kuinuka pamoja kama mtu mmoja. Nkaposa kwa Mzee Khamis, babake Mwanaidi (Mwanaidi nlimpenda wallahi, hilo silifanyii mzaha), mzee akanambia, "Ntasomesha maulidi kwangu. Njoo uimbe na wenzako, nikuone unavyokaa na watu, kisha ntakupa jibu."

Basi si homa ikanikamata wiki ile ile! Mwili moto, pua bomba. Daktari akanionya, "Homa ikishuka usijidanganye, bado unaambukiza. Kaa ndani wiki nzima." Wiki nzima, yakhe, mie mgonjwa au mwali? Siku ya tatu homa ikashuka, na jioni ile ndiyo mazoezi ya mwisho, na mwenzetu Ussi (sauti nzuri, kimo kizuri, kapewa vyote) alikuwa akiimezea mate nafasi yangu ya katikati ya safu. Nkaenda. Tena kwa kujitia wema nkabeba birika langu la tangawizi, nnakunywa mie, nampa Makame wa ubavuni kwangu, kikombe kile kile kinazunguka safu nzima. "Kunyweni, sauti zilainike!" Ussi sikumpa. Choyo tu, nlimwacha kule mlangoni peke yake.

Siku ya maulidi wenzangu wakaja macho mekundu, kila mmoja anasingizia vumbi. Vumbi! Tukapiga magoti mbele ya Mzee Khamis, matari yakalia, mambo mazuri kabisa, mpaka ukapitishwa udi. Moshi ulipomfikia Makame akapiga chafya, akainama, na safu nzima kwa mazoea ikainama naye. Akapiga ya pili, tukainama tena. Nyuma ya pazia bibi mmoja akasema, "Mashaallah, mtindo mpya huo!" Mara wakachafya wote, wakakohoa wote, matari yakanyamaza, nkabaki naimba peke yangu na sauti yangu iliyopona.

"Kulikoni?" akauliza Mzee Khamis.

"Tangawizi ya mkweo, mzee," Makame akajibu huku anajifuta. "Kanywa na mafua yake, kisha katugaia."

Lahaula! Nlitamani ardhi ipasuke. Mzee akanitazama, akasema taratibu, "Kijana, huna choyo wewe. Hata maradhi huli peke yako."

Hapo Ussi, aliyekaa nyuma ya safu, pua kavu, kifua safi, akasogea katikati, akaishika kasida mpaka mwisho. Nkamsikia mzee akimuuliza jirani yake, "Mtoto wa nani yule?"

Harusi ya Ussi na Mwanaidi nlikwenda, pilau nkala, na roho iliniuma kila tonge.

Tangu siku ile nikiugua mafua sitoki, hata homa ishuke, wiki yangu naimaliza ndani na mlango nimeufunga. Wakija kunitazama nawajibu dirishani. Ila Ussi akibisha hodi, huyo namfungulia, namwambia karibu ndani, kaa hapa karibu yangu, unywe tangawizi.