Sentimita Themanini na Sita

Sabiha binti Msabaha alikulia Bagamoyo, kwenye nyumba ya wanawake wafumaji. Mama yake alikuwa akifuma kofia za watoto na vitambaa vya meza, na Sabiha alishika sindano za kufumia kabla hajaanza shule. Kwa hiyo alipoajiriwa katika ofisi ndogo ya uwakala wa forodha pale mjini, hakuna aliyehitaji kumweleza tofauti ya kitambaa cha vitanzi, kama cha sweta na fulana, na kile cha nyuzi zinazopishana, kama cha kanga. Alikishika, akakivuta, akajua.

Kazi yake ilikuwa kujaza fomu za mizigo ya wafanyabiashara. Kila aina ya nguo inayoingia nchini ina namba yake ya ushuru, na namba ikikosewa mzigo hukwama. Nguo zina namba nyingi kupita kiasi: ya kiume au ya kike, ya pamba au ya nailoni, ya vitanzi au si ya vitanzi. Wenzake walizikimbia. Yeye alizipenda, wakamwachia zote.

Miaka saba alikaa na mumewe Shuaibu bila mtoto. Shuaibu alilima mananasi Kiwangwa, akirudi nyumbani kila Alhamisi na kuondoka Jumamosi alfajiri. Mwaka wa nane akazaliwa Naila.

Naila alizaliwa na tundu kwenye moyo. Akilia, midomo yake ilibadilika rangi ikawa kama zambarau. Akinyonya, alichoka kabla ya kushiba. Daktari wa Dar alisema atapasuliwa, ila kwanza mwili uongezeke. Basi ikawa ni kusubiri mwili uongezeke. Sabiha alimlisha uji wa karanga, samaki aliyepondwa, parachichi, mayai, na kila mwezi alimpeleka kliniki kupimwa uzito na urefu. Mstari kwenye kadi ulipanda kidogo, ukalala.

Katika sheria ya forodha, nguo ya vitanzi huhesabiwa kuwa ya mtoto mchanga kama ni ya mtoto asiyezidi sentimita themanini na sita kwa kimo. Akizidi hapo, nguo yake huingia kwenye namba nyingine. Sabiha aliijua sheria hiyo kama anavyojua Alhamdu.

"Leo ana themanini na moja," alimwambia Shuaibu siku moja, Naila akiwa amesimama kati yao, ameshika goti la baba yake. "Forodha bado wanamwita mchanga."

"Waache wamwite," Shuaibu alisema. "Akivuka hiyo themanini na sita yenu, nachinja mbuzi."

Hakuivuka. Masika ya mwaka aliotimiza miaka mitatu, kifua kilimbana, na siku ya tano akafariki mikononi mwa mama yake, katika wodi iliyojaa watoto wanaokohoa. Kipimo cha mwisho kwenye kadi kilikuwa themanini na mbili. Wanaume walimbeba kwenda makaburini mvua ikinyesha. Sabiha alibaki ndani na wanawake, kama ilivyo desturi.

Baada ya arobaini alirudi kazini. Watu walisema amejikaza.

Wiki ya pili uliletwa mzigo wa Bi Ashatu, mama mwenye duka la nguo za watoto karibu na soko. Yalikuwa marobota mawili ya sweta kutoka Dubai, yaliyopitia Unguja. Lebo hazikuonyesha kimo, zilionyesha umri tu. Ilibidi kufungua na kuchambua, nguo za wachanga upande huu, za watoto wakubwa upande ule. Ofisa aliyesimamia ukaguzi aliitwa Bilali, kijana mpole aliyehamia Bagamoyo mwezi uleule.

Sabiha alifanya kazi bila futi ya kupimia. Alishika sweta mabegani, akaitazama, akaiweka. Bilali alimfuata nyuma akipima moja moja, na kila alichopima kilikuwa sawa. Akaanza kutabasamu.

"Dada Sabiha, wewe huhitaji kipimo."

Sabiha alinyoosha mkono kwenye robota. Alikuwa ameshika sweta ya manjano yenye vifungo vitatu. Akaitazama kwa muda, akaiweka kwenye fungu la wachanga.

Bilali aliichukua, akageuza lebo. "Hii imeandikwa miaka mitatu."

"Nimeona."

"Basi inakwenda kule. Mtoto wa miaka mitatu amepita themanini na sita siku nyingi."

"Si wote."

"Dada, hatupimi mtoto mmoja mmoja. Tunaangalia nguo imeshonewa kimo gani. Hebu tazama urefu wa mkono huu."

"Nimesema si wote!" Sauti yake iligonga bati la ghala. Wapagazi waligeuka. "Wapo wa miaka mitatu wasiofika. Nimemvalisha mwenyewe, nimemvua mwenyewe, nimemwosha mwenyewe! Usiniambie mimi wanafika!"

Bilali alibaki na sweta mkononi, hajui alilokosea. Bi Ashatu, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, alinyanyuka, akaja akamshika Sabiha mabega.

"Mwanangu," alisema. "Njoo ukae."

"Mzigo wako, Bi Ashatu."

"Mzigo hauna roho. Kaa."

Alikaa, akalia kwa mara ya kwanza tangu masika, huku Bi Ashatu akimpepea kwa upande wa mtandio. Alipomaliza alinawa uso bombani. Kisha akarudi, akaichukua ile sweta ya manjano, akaiweka kwenye fungu la watoto wakubwa. Ilikuwa na mikono mirefu. Bilali hakukosea, na Sabiha alilijua hilo tangu mwanzo. Akamaliza marobota yote mawili, akajaza fomu, na mzigo ukatoka siku ileile.

Jioni Bilali alikuja nyumbani na mkewe kutoa pole. Hakuna aliyemtuma; alikuwa ameelewa mwenyewe pale ghalani. Walikaa kidogo, wakasoma Fatiha, wakaondoka.

Shuaibu aliporudi Alhamisi, Sabiha alimsimulia yote. Alisikiliza ameinamisha kichwa, akikwangua udongo mkavu kwenye kisigino.

"Mimi huenda kaburini kwake kila Ijumaa nikitoka kuswali," alisema mwishowe.

Sabiha alimtazama. "Hujaniambia hata siku moja."

"Nilikuona umenyamaza. Nikadhani ukinyamaza ndiyo unapona."

"Na mimi nilidhani wewe umesahau, Shuaibu. Nimekuwa nikikuchukia kwa hilo."

Alisema bila hasira.

Kesho yake baada ya swala ya Ijumaa, Shuaibu alimchukua kwenda huko. Kulikuwa na mzee mmoja pale makaburini aliyewatupia jicho kali kwa kumwona mwanamke, kisha akashika njia yake. Shuaibu alimwonyesha kaburi, akasogea pembeni. Magugu yalikuwa yamemea upande wa miguuni. Sabiha alichuchumaa, akayang'oa moja baada ya jingine, akitikisa udongo wa mizizi ili urudi pale pale. Shuaibu naye akachuchumaa upande wa pili. Waling'oa mpaka jua lilipowazidi, wakanyanyuka kwenda nyumbani kupika.