Anayesafisha Chemchemi

Mimi hufundisha usimamizi wa maji chuoni Kasongo, na asubuhi ile nilipanda pikipiki na kiburi changu chote. Mfukoni nilikuwa na kanuni kumi na mbili tulizoandika darasani, kwa Kifaransa safi. Nilikwenda na wanafunzi wanane kuamua ugomvi wa kijiji kimoja karibu na Lusangi.

Mvua zilikuwa zimechelewa tena, na chemchemi pekee ya kijiji ilikuwa inatoa maji kidogo kidogo. Wachimba dhahabu, wageni kutoka mashariki, walitaka kuanza shimo kwenye mteremko ulio juu yake kesho yake. Wakichimba pale, watu watakunywa matope. Mgeni njoo mwenyeji apone, husemwa. Hapa mwenyeji alikuwa anakaribia kufa kiu.

Tulikuta pande mbili zimeshasimama, huku vijana wa kijiji na mapanga, kule wachimbaji na mabeleshi. Niliwaketisha wakubwa kwenye viti: chifu, mchungaji, mkuu wa shule na mkubwa wa wachimbaji. Nikawapa jina la kamati, nikaanza kusoma kanuni.

Sikufika kanuni ya pili. Mama mmoja alitua bidoni lake la maji, akaja kutupa jembe miguuni pangu.

"Mwalimu, mutu mwenye hasafishake chemchem, hasemake juu ya maji yake. Ni vile kwetu. Hawa wote wa ku viti, nani alishaka kuisafisha hata siku moja?"

Nilicheka, Mungu anisamehe.

"Mama, ngoja kwanza tumalize kanuni."

Vijana wenye mapanga wakasogea hatua moja. Nilipoona nyuso za wanafunzi wangu, nikajua nimeharibu.

Mkubwa wa wachimbaji akainuka. Nilidhani anakwenda kuita watu wake. Kumbe alivua viatu, akakunja suruali, akaokota lile jembe na kuingia topeni. Alizoa majani yaliyooza mpaka shati likalowa jasho. Hakuna aliyemsaidia, hakuna aliyemzuia.

"Sasa sema, Papa," mama akamwambia.

"Tutachimba kule chini, Mama. Huku juu tunaacha."

Mapanga yakashuka. Walibishana kuhusu mpaka, wakaupanga kwa mawe palepale. Lakini mimi nikaona walichosahau: chini kule kuna mashamba ya mpunga yanayokunywa maji hayohayo. Nikainua mkono.

Mama akatazama viatu vyangu vikavu, vilivyopigwa rangi.

"Weye bado, Mwalimu."

Niliona aibu mbele ya wanafunzi wangu wote. Nikainama kufungua kamba za viatu.