Mama Aagiza Samaki Bungoma

Nikifumba macho, mchana ule hunijia ukiwa na mvuke. Nje mvua nyepesi, jikoni mafuta yakilia, na samaki wamelala ndani ya kabati la vioo kama watu waliopitiwa na usingizi. Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu, nami nilikuwa nimempenda mwanamume wa Myanga, huko Bungoma, mpaka nikawa mjinga.

Mama alikuwa ametoka Kitale kuja kumwona kwa macho yake. Baba alishasema atafuata neno la mama, kwa hiyo ndoa yangu ilikuwa mdomoni mwake. Sisi asili yetu ni mkoa wa Kati, tulifuata mashamba Trans-Nzoia, na samaki hakuwahi kuingia nyumbani kwetu. Mama alimwita nyoka wa majini. Na mimi, kwa akili zangu, nikachagua hoteli ya samaki.

Mpenzi wangu aliingia, akainamisha kichwa, akapita meza yetu, akaketi pembeni na kutupa mgongo.

"Huyu ananipea mgongo kwa nini? Mimi ni mbwa?" mama akauliza.

Nilitamani sakafu inimeze. Kwao, mkwe na mama mkwe hawali meza moja wala hawatazamani, ni heshima. Mpenzi wangu alikuwa ameniambia, "Nitakuja, lakini sitakaa na yeye. Mwambie mapema." Sikumwambia mama. Niliogopa atasema watu hao wana mambo mengi. Sasa nikamweleza kwa kunong'ona, mbio mbio, naye akaukazia macho ule mgongo. Nikautazama ule mvuke, nikaona harusi yangu ikiyeyuka ndani yake polepole, na wala sikuwa na nguvu ya kulia.

Mhudumu akaja. "Mama, utakura nini? Samaki iko ya kukausha na ya supu."

Nilifungua mdomo kumwombea kuku. Mama akanizuia kwa mkono, akainuka, akazunguka kabati lile taratibu, kisha akanyoosha kidole kwa mmoja mkubwa. "Hiyo. Ya supu."

Alipoletewa, aliikodolea macho sahani. Halafu akamwita mhudumu. "Uliza huyo kijana, hii kitu inakuliwa aje na mifupa yote hii?"

Mhudumu akavuka hatua tatu, akauliza. Mpenzi wangu akaujibu ukuta: "Mwambie mama aanze huko juu, karibu na kichwa. Huko mkiani mifupa ni ndogo ndogo. Na asiharakishe."

Mama akamega, akatafuna akiwa amefumba macho. Akameza.

"Muulize kama atakuwa anatolea msichana yangu mifupa."

Mhudumu akavuka tena, akauliza, na mpenzi wangu akaujibu ukuta uleule:

"Mwambie kila siku."

Mama akafuta vidole, akarudi kwenye kabati na kuchagua samaki mwingine, mkubwa kuliko wake.

"Hii," akamwambia mhudumu, "pelekea mkwe wangu."